Una malisho Kinangop? Mwachie ndege huyu nafasi

Wengi hudhani kumsaidia ndege ni kupanda miti. Huyu wetu hataki miti. Macronyx sharpei (kwa Kiingereza Sharpe's longclaw), yule mwenye koo la njano na ukucha mrefu wa nyuma, anaishi kwenye nyasi tupu za nyanda za juu za Kenya, kama huku Kinangop, na hapatikani nchi nyingine yoyote. Yumo katika hatari ya kutoweka kwa sababu nyasi zake tumezigeuza viazi, kabichi na mikaratusi. Na karibu ardhi yote huku ina wenyewe, kwa hiyo mlinzi wake ni mwenye shamba.

Kwanza jua kama unaye. Asubuhi umande ukipungua, pita polepole kwenye malisho. Ataruka chinichini, weupe ukionekana pembeni mwa mkia, atue palepale mbele na kujibana. Usimfuate. Simama tu, baada ya muda atapanda juu ya fungu la nyasi au nguzo ya ua, na hapo utaliona koo na michirizi myeusi kifuani. Akikupa mgongo, ni rangi ya majani makavu tupu, humwoni.

Sasa yale mafungu ya nyasi ngumu ambayo ng'ombe huyapita. Jirani yangu huyaita uchafu. Lipanue moja kwa vidole: ndani pamekauka hata baada ya mvua, panzi wanarukaruka, mbawakawa wamejificha shinani. Hapo ndipo anapojificha na kujenga kiota. Usiyang'oe wala kuyachoma.

Katikati ya mafungu, nyasi ziwe fupi apate kutembea na kuwinda. Kazi hiyo waachie kondoo, ila wahamishe kabla hawajafikia udongo. Sufu nayo ni pesa. Katika mji wa Njabini, hukuhuku Kinangop, wapo wanaoisokota na kuifuma.

Ukihitaji kulima, rudia kipande kilichokwisha kulimwa. Mikaratusi ikibidi, iweke karibu na boma, si katikati ya malisho.

Ukikuta kiota, ondoka upesi na usichomeke kijiti cha alama, maana watoto na mbwa nao wataona. Ukitaka ushauri zaidi, waulize shirika la uhifadhi la Nature Kenya. Wao wamenunua vipande vya nyasi hukuhuku ili visilimwe.