Ukiwa Marekani na mtoto mwenye ulemavu, usimwachie mali kwa jina lake

Mzazi anayempenda mwanawe humwachia kitu. Lakini kama mwanao yuko Marekani, anapokea SSI (posho ya serikali kwa wenye ulemavu wa kipato kidogo) na kutibiwa kwa Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo), urithi huo unaweza kumkatia riziki. SSI haimruhusu mtu asiye na mwenzi kuwa na akiba na mali zaidi ya dola 2,000. Nyumba anayoishi na gari moja havihesabiwi. Shamba lililoko Afrika Mashariki linaweza kuhesabiwa ikiwa ni lake na anaweza kuliuza. Vivyo hivyo mchango wa ndugu ulioingizwa moja kwa moja kwenye akaunti yake, hata kama kila mmoja alitoa kwa moyo mweupe.

Mali unayomwachia ipitie kwenye amana ya mahitaji maalumu (special needs trust), yaani mfuko wa kisheria unaosimamiwa na mtu mwingine, mdhamini. Mdhamini anaishika na kuitumia kwa ajili yake, bila kumpa pesa mkononi, kwa sababu pesa taslimu hupunguza SSI. Mdhamini hulipa mwenyewe: kiti cha magurudumu, simu, nauli, mwalimu wa mazoezi. Akilipa kodi ya nyumba, malipo ya SSI yanaweza kupungua. Chakula kimeacha kuhesabiwa tangu 30 Septemba 2024. Amana iliyojazwa na wazazi au ndugu haidaiwi na Medicaid gharama za matibabu yake mtoto akifariki. Iliyojazwa kwa fedha zake mwenyewe, tuseme fidia ya ajali, hudaiwa. Kwa hiyo usichanganye fedha hizo mbili.

Wosia peke yake hautoshi, na hapa ndipo wengi wetu tunapoteleza. Bima ya maisha na akiba ya uzeeni ya kazini hufuata jina lililo kwenye fomu, wosia useme usemavyo. Fomu hiyo uliijaza siku ya kwanza kazini, ukaandika watoto wote sawa kwa sawa. Itafute wiki hii. Jina la mtoto huyu litoke, liingie la amana yake. Wapigie simu na babu, bibi na mashangazi, nao waandike hivyo hivyo.

Kwa fedha ndogo ndogo ipo akaunti ya ABLE, akaunti maalumu ya akiba kwa wenye ulemavu. Tangu 1 Januari 2026 inamfaa yeyote ambaye ulemavu wake ulianza kabla hajatimiza miaka 46. Zamani ilikuwa 26. SSI haihesabu dola 100,000 za kwanza zilizomo.

Akifika miaka 18, kisheria ni mtu mzima, na daktari anaweza kukataa kuzungumza nawe. Kama anaelewa anachosaini, anzeni na hati ya uwakili. Ulezi wa mahakama humnyang'anya haki nyingi, mimi ningeuacha uwe wa mwisho. Umri huohuo kipato cha wazazi huacha kuhesabiwa, kwa hiyo aliyenyimwa SSI utotoni aombe tena.

Ukimpeleka likizo nyumbani, hesabu siku: akikaa nje siku 30 mfululizo, SSI husimama mpaka atimize siku 30 tangu arudi.

Mwisho, mwandikie mlezi wa kesho barua. Kwamba kidonge cha jioni anakikubali akishika kikombe mwenyewe. Kwamba akiziba masikio ni kelele zimemzidi, si ukaidi. Na maneno ya Kiswahili anayoyaitikia, pamoja na maana yake, maana huenda mlezi huyo hakijui.