SOMO: Android ya zamani imekatiwa huduma za mtandaoni? Soma hapa kabla hujaigusa

Fundi_Nkuhungu ameandika:

Wakuu, salaam. Swali hili nalijibu faragha, nalijibu mtaani, nalijibu chini ya mada ambazo hata hazihusiani: "Simu ya mzee haifungui Play Store, WhatsApp imegoma, kurasa zinaandika muunganisho si salama, tuitupe?" Naweka majibu yote hapa. Atakayeniuliza tena nitamrudisha kwenye somo hili.

Somo linahusu Android 4.4 hadi 6, simu zilizotoka kati ya 2013 na 2016. Hapa kwetu Dodoma nyingi sasa wanazo wazazi Bahi, Kongwa na Mpwapwa, na nyingine zimelala kabatini.

Kwanza tuelewane. Simu haijafa. Kioo, spika, kamera, redio, GPS na laini vipo vilevile. Kilichofungwa ni mlango wa upande wa pili, kwenye seva. Google waliacha kuisasishia Android 4.4 huduma zao za Play mwaka 2023, na WhatsApp nao waliiacha Android 4.4 mwaka 2025. Kwa hiyo tenganisha mambo mawili: yale simu inayoyafanya yenyewe, na yale iliyokuwa ikiyaomba seva. Ya kwanza yalinde. Ya pili yatafutie njia nyingine, au uyaache.

Hatua ya 1. Ingia Mipangilio, Kuhusu simu, usome toleo la Android. Liandike.

Hatua ya 2. Chaji ijae. Betri ikiwa imevimba usiendelee, badili betri kwanza.

Hatua ya 3. Toa majina. Fungua sehemu ya majina, chagua kuyahamishia kwenye memori kadi, utapata faili linaloishia na .vcf. Chagua akaunti zote, maana majina mengi huwa yamekaa kwenye akaunti ya Google na si kwenye laini kama wengi wanavyodhani. Kisha lifungue faili hilo kwenye simu nyingine, uone majina yamo kweli.

Hatua ya 4. Picha na rekodi za sauti zihamishie kompyuta kwa waya.

Hatua ya 5. Okoa programu zilizomo. Programu inayofanya kazi leo kwenye simu hiyo ni mali, kwa sababu kesho huenda usiipate tena dukani. Itumie programu ya kurushiana mafaili kama Xender kuipeleka kwenye simu nyingine na kuitunza. Angalizo: kuanzia Android 5, programu nyingi za siku hizi husakinishwa vipandevipande, na ukitunza kipande kimoja tu haitakubali kusakinika. Ijaribu kwenye simu nyingine kabla hujaamini kwamba umeiokoa.

Hatua ya 6. USIRISETI. Hapa naomba msome polepole, kwa sababu simu nyingi zinazoletwa kwa mafundi zimefia hapa. Mtu akiona Play Store imegoma, wazo la kwanza ni kuirudisha simu hali ya kiwandani "ijisafishe". Tatizo haliko ndani ya simu, kwa hiyo kuisafisha hakutibu chochote. Hasara ndiyo halisi. Programu zote ulizokuwa nazo zinafutika, na za kurudishia hazipo. Kuanzia Android 5.1 kuna kufuli jingine: simu iliyokuwa na akaunti ya Google, ukiiriseti kwa vitufe vya pembeni, itakapowaka itadai akaunti ileile na nenosiri lake. Akaunti iliyofunguliwa na kijana wa kibandani mwaka 2015, nani analikumbuka nenosiri? Na kwa Android 2.3.7 kushuka chini hali ni mbaya zaidi: tangu tarehe 27 Septemba 2021 Google hawakubali kabisa kuingia kwenye akaunti kutoka simu hizo, hata nenosiri likiwa sahihi.

Kuna mtego mwingine ambao hautajwi. Android 6 ilileta uwezo wa kuifanya memori kadi kuwa sehemu ya hifadhi ya ndani. Kadi iliyowekwa hivyo imefungwa kwa ufunguo unaokaa ndani ya simu hiyo peke yake. Ukiriseti, ufunguo umekwenda, na picha zote za kwenye kadi haziwezi kusomwa na simu yoyote wala kompyuta yoyote. Kabla ya lolote, ingia Mipangilio, Hifadhi, uone kadi yako imewekwa kwa namna gani.

Hatua ya 7. Sahihisha tarehe na mwaka. Simu iliyokaa bila chaji huamka na mwaka wa zamani, na kurasa zote za usalama hugoma kwa sababu hiyo tu.

Hatua ya 8. Weka cheti, yaani hati ya kidijitali inayoihakikishia simu kwamba tovuti ni yenyewe. Tovuti nyingi duniani zinatumia vyeti vya Let's Encrypt, shirika linalovitoa bure, na ili simu iviamini lazima iwe na cheti mama kinachoitwa ISRG Root X1. Android zilizotangulia 7.1.1 hazikijui. Zilikuwa zikiegemea cheti kingine kilichoisha muda tarehe 30 Septemba 2021, zikaongezewa njia ya pembeni hadi 2024. Ndiyo maana wengi mliona tovuti zinakufa moja baada ya nyingine bila sababu inayoeleweka.

Tiba yake: kwa kompyuta au simu mpya, ingia letsencrypt.org, pakua ISRG Root X1, inakili kwenye memori kadi ya simu ya zamani. Kisha Mipangilio, Usalama, sakinisha kutoka kwenye hifadhi. Cheti hicho ni halali hadi 2035.

Maonyo mawili. La kwanza: simu itakulazimisha kuweka PIN ya kufungulia. Iandike mahali. Ukiisahau, njia itakayobaki ni kuriseti, na umeshasoma hatua ya 6. La pili: simu itaonyesha ujumbe kwamba mtandao unaweza kuwa unafuatiliwa. Ujumbe huo unasema jambo la kweli, kwa maana mtu akikuwekea cheti mama cha kwake anaweza kusoma unachotuma. Kwa hiyo pakua kutoka letsencrypt.org kwenyewe. Cheti kilichorushwa kwenye kundi la WhatsApp usikiweke, hata kama aliyekirusha ni ndugu yako.

Hatua ya 9. Weka Opera Mini, kivinjari chepesi. Ikiwa kwenye hali ya kubana data zaidi, ukurasa hufunguliwa kwanza na seva za Opera, ndipo unaletewa umebanwa. Kwa habari na matokeo ya mitihani inatosha sana. Kwa benki usiitumie, kwa sababu kuna mtu wa kati anayeufungua ukurasa kabla yako.

Hatua ya 10. Programu za nje ya duka. F-Droid, duka la programu huria, wana hifadhi ya matoleo ya nyuma, na kila toleo limeandikwa linahitaji Android ipi. VLC ya kuchezea video na muziki, toleo la 3, inakubali hata 4.4. Organic Maps, ramani isiyohitaji intaneti, inataka 5.0.

Maswali chini. Tafadhali taja toleo la Android.

---

Kijana_wa_Changombe: Mkuu Tecno yangu inaniambia niingize akaunti iliyokuwepo, nifanyeje? Siikumbuki.

Fundi_Nkuhungu: Umeriseti?

Kijana_wa_Changombe: Ndiyo, nilianza na hiyo.

Fundi_Nkuhungu: Hatua ya 6. Tafuta namba ya simu iliyotumika kufungulia akaunti, ukurasa wa Google wa kurejesha akaunti unaweza kukutumia msimbo. Ukibadili nenosiri, subiri angalau siku moja kabla ya kujaribu kwenye simu. Bila namba hiyo sina dawa, na mbinu za kuruka kufuli hilo sitazifundisha hapa. Zinawasaidia wezi kuliko wenye simu.

Dereva_Manyoni: WhatsApp ya 4.4 inagoma, nipe link ya ile ya kijani ya GB.

Fundi_Nkuhungu: Sitoi. Zile ni WhatsApp zilizochakachuliwa na watu usiowajua, meseji zako zinaweza kupita mikononi mwao, na WhatsApp wanafungia namba zinazozitumia. Kwa 4.4 WhatsApp imekwisha. Tumia meseji za kawaida.

Dereva_Manyoni: Basi somo halina faida.

Fundi_Nkuhungu: Somo linahusu simu kuendelea kutumika, na nimesema mwanzoni kuna mambo ya kuyaacha. Hilo ni mojawapo.

Mama_Kibaigwa: Asante kaka kwa somo. Mimi ni wakala, nina Samsung ya 4.4. Kila kitu kimekufa ila menyu ya *150*00# inafanya kazi kama kawaida. Kwa nini hiyo haikufa?

Fundi_Nkuhungu: Dada, swali zuri sana. Menyu za nyota na reli hazipiti intaneti kabisa. Zinapita kwenye njia ileile ambayo mtandao wa simu unaitumia kupanga mazungumzo yako, kuulizana "mteja yuko wapi, anapiga namba gani". Simu inachofanya ni kutuma tarakimu na kuonyesha maandishi mafupi, yasiyozidi herufi 182 kwa mara moja, ndiyo maana menyu zinakatwa kurasa. Haihitaji akaunti ya Google wala cheti, na toleo la Android halina maana kwake. Ndiyo sababu kitochi na simu ya bei kubwa vinaona menyu ileile. Ila kwa kazi yako, PIN yako usiihifadhi kwenye majina ya simu. Watu wengi hufanya hivyo, na simu ya zamani ikipotea mwizi haoni tabu kuifungua.

Mama_Kibaigwa: Nimeelewa, ubarikiwe. Nyongeza kwa wenzangu: tundu la chaji likijaa vumbi letu hili simu inakataa kuchaji, watu wanadhani imekufa. Mimi naizima, natoa vumbi kwa kijiti cha meno taratibu.

Fundi_Nkuhungu: Sahihi, kijiti cha mti. Sindano usitumie, inagusanisha vyuma vya ndani.

Mwanachuo_UDOM: Kaka, nimeweka cheti kwenye 4.4, Chrome inafungua tovuti lakini programu nyingine bado zinagoma. Kwenye 5.1 ya rafiki yangu zote zinapita. Tofauti ni nini?

Fundi_Nkuhungu: Umechunguza vizuri. Cheti ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni lugha ya usimbaji inayoitwa TLS. Seva nyingi sasa zinataka TLS 1.2. Android 4.4 inaijua, lakini programu haipewi mpaka aliyeiandika aiwashe mwenyewe. Kuanzia 5.0 imewashwa tayari. Chrome inakuja na usimbaji wake, ndiyo maana inapita. Kwa programu nyingine za 4.4, ukishaweka cheti na bado zinagoma, ziache.

Mwanachuo_UDOM: Na barua pepe ya Gmail? Nenosiri ni sahihi lakini inakataa.

Fundi_Nkuhungu: Tangu 2022 Google hawapokei nenosiri la kawaida kutoka programu za zamani za barua. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, kisha tengeneza nenosiri la programu, lina herufi 16. Weka hilo. Seva ni imap.gmail.com, mlango 993.

Binti_Mzee: Shikamoo wakubwa. Nina BlackBerry Curve ya marehemu baba. Haishiki mtandao vizuri. Nataka picha na majina tu.

Fundi_Nkuhungu: Marahaba, na pole. BlackBerry walizima huduma za mifumo yao ya zamani tarehe 4 Januari 2022, na walisema wazi kwamba hata kupiga na meseji havitakuwa vya uhakika tena. Tatizo si simu ya baba. Usikubali fundi yeyote aifute. Picha zikiwa kwenye memori kadi, nakili kadi ikiwa bado ndani ya simu, kwa waya, kwa sababu simu hizo zilikuwa na uwezo wa kuifunga kadi kwa ufunguo wa simu. Ukiichomoa unaweza kukuta haisomeki. Majina yatume kwa Bluetooth. Ukikwama niandikie faragha, nitakuelekeza bila malipo.

Mpitanjia_Makole: Mnajitesa bure. Simu mpya si ghali siku hizi, nunueni.

Fundi_Nkuhungu: Kwa uwezo wako, sawa. Mimi nawaandikia wenye simu nzima mkononi wanaoambiwa ni takataka wakati inapiga, inatuma pesa, inapiga picha na kushika redio. Na hata anayenunua mpya anahitaji hatua ya 3 na ya 4.

Mnunuzi_Majengo: Mkuu, kwa anayenunua iliyotumika sokoni Majengo, aangalie nini?

Fundi_Nkuhungu: Piga *#06# upate IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, itume kwenda 15090, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, watakujibu simu ni ya aina gani. Jibu lisipofanana na simu uliyoshika, acha. Msisahau simu bandia zilizimwa nchi nzima Juni 2016. Kisha mwambie muuzaji aondoe akaunti yake ya Google mbele yako. Akisema utaiondoa mwenyewe nyumbani, usinunue.

Kondoa_Asili: Nataka kuweka 5.1 ya zamani kwenye gari iwe ramani, wageni nawapeleka Kolo kwenye michoro ya mapangoni na kuna sehemu hakuna mtandao kabisa. GPS bila laini itashika?

Fundi_Nkuhungu: Itashika. GPS ni kusikiliza setilaiti tu, simu haitumi kitu. Pakua ramani ya Tanzania kwenye Organic Maps ukiwa na Wi-Fi. Tofauti utakayoiona ni mwanzo: zamani simu ililetewa na intaneti taarifa za setilaiti ziko wapi, sasa itazipokea angani kwa mwendo wa biti 50 kwa sekunde. Taarifa za setilaiti moja hurudiwa kila sekunde 30, orodha ya setilaiti zote huchukua dakika 12 na nusu. Kwa hiyo iwashe kabla ya safari, gari limesimama mahali wazi, uiache itulie.

Kondoa_Asili: Nikiiacha kwenye dashibodi jua la mchana?

Fundi_Nkuhungu: Hapana. Ifunge karibu na tundu la hewa la gari, na usiichaji muda wote ikiwa juani. Betri za umri huo huvimba haraka.