Kurekodi mwimbaji na ilimba yake kwa simu

Rekodi nyingi za ilimba, ala ya Wagogo wa Dodoma yenye vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba juu ya sanduku la mbao, zinaharibika kwa sababu simu inauchukulia mvumo wake kuwa kelele. Sanduku la ilimba lina tundu lililozibwa kwa utando wa buibui, ule mweupe mwembamba unaofunika mayai yake. Kidole gumba kikigusa chuma, utando unatetemeka na kuvuma kama nyuki mzingani. Mvumo huo ni muziki. Vivyo hivyo vile vyuma ambavyo mpigaji havigusi kabisa, bali vinaitikia vyenyewe vingine vikilia.

Kwa hiyo anza na simu. Tafuta programu ya kurekodi inayohifadhi sauti kwa WAV, yaani faili la sauti lisilobanwa, kisha zima upunguzaji wa kelele na ile hali ya simu kujirekebishia ukubwa wa sauti. Hiyo ya pili ndiyo mbaya zaidi: mwimbaji akipumzika, simu inapandisha sauti hadi unasikia kuku wa jirani, akipaza, inamkandamiza ghafla. Programu isiyokuruhusu kuzizima haifai kwa kazi hii. Chagua 48 kHz, biti 16, mono. Dakika moja itakula karibu MB 6 na saa nzima MB 350 hivi, basi futa picha za zamani mapema. Weka hali ya ndege, maana simu ikiita katikati ya wimbo umepoteza wimbo.

Rekodi asubuhi. Upepo wa Dodoma mchana unapiga maikrofoni na kutoa ngurumo ambayo hutaiondoa baadaye. Nyumba ya tembe ni mahali pazuri ajabu kwa kazi hii: kuta na paa la udongo vinameza mwangwi. Chumba cha saruji chenye bati kinarudisha kila neno mara mbili. Kama hakuna kingine, tundika mablanketi ukutani nyuma ya simu na nyuma ya mwimbaji. Nje, kaeni upande uliokingwa na upepo na ufunike maikrofoni kwa kipande cha sponji.

Mwache mwimbaji akae alivyozoea, ilimba mapajani. Weka simu juu ya kigoda, kwenye khanga iliyokunjwa mara nne, umbali wa sentimita 50 kutoka kwake, tundu la maikrofoni likimwelekea, kwenye usawa wa kifua: katikati ya mdomo na ala. Usiishike mkononi, kwani vidole vinakwaruza. Wala usiiweke kwenye benchi aliloketi, mtikisiko wa mguu wake utaingia. Sikiliza jaribio la dakika moja kwa hedifoni. Ilimba ikimeza maneno, inua simu sentimita 10. Sauti ikifunika ilimba, ishushe.

Katika jaribio hilo mwombe aimbe mahali pa juu kabisa pa wimbo. Waimbaji wa Kigogo wanaweza kutoka kwenye sauti nzito ya kifuani hadi sauti nyembamba ya kichwani ndani ya mstari mmoja. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alijulikana duniani kwa uimbaji huo. Kipimo cha sauti kwenye programu kisipite -12 dB pale anapopaza. Sauti ikishapasuka haishoneki.

Usimwombe kamwe alinganishe ilimba na kinanda. Mpangilio wa sauti zake unafuata sauti za asili za uzi mmoja unaotetemeka, na mojawapo ya sauti hizo iko chini ya ile ya kinanda kwa karibu theluthi moja ya nusu-toni, ile hatua ndogo kabisa ya kinanda. Fundi wa studio “akiirekebisha” kwa kompyuta, ameua wimbo.

Kwa muheme, ngoma ya wanawake, rudi nyuma mita 4. Simama upande wa waitikiaji ili ngoma ziwe mbali zaidi kuliko midomo. Ngozi hupashwa moto kabla ya kupigwa, na ikipoa inalegea. Wakiomba kuzirudisha motoni katikati ya kazi, subiri.

Kabla ya kila wimbo acha sekunde 10 za kimya, kisha taja tarehe, kijiji, jina la mwimbaji, ala na jina la wimbo. Ridhaa pia irekodiwe kwa mdomo wake: nani atasikia, itawekwa wapi, malipo ni kiasi gani. Nyimbo za jando uliza kwanza kama zinaruhusiwa kusikika nje. Usikate wimbo hata ukifika dakika 15.

Siku hiyohiyo, kaa naye mcheze rekodi mstari kwa mstari. Andika Kigogo chote kwanza, Kiswahili baadaye, kwa kuwa fumbo likitafsiriwa haraka linabaki na neno bila maana. Faili ukilituma kwa WhatsApp, litume kama hati, siyo kama ujumbe wa sauti, la sivyo ule mvumo wa utando unapotea tena. Nakala moja iache kijijini, kwenye memori kadi, mikononi mwa mwimbaji.