Wanafunzi wa usanifu mnaojenga nyumba ya kweli, anzieni hapa

Huko Marekani, wanafunzi wa usanifu majengo wa Chuo Kikuu cha Yale wamekuwa wakijenga tangu 1967, na Rural Studio, programu ya wanafunzi kujenga ya Chuo Kikuu cha Auburn, ilianza Alabama mwaka 1993. Nami nawasimamia vijana wangu kwa njia hiyohiyo.

Kaeni kwanza na mwenye nyumba. Muulizeni anapikia wapi, mvua inapiga upande gani. Ramani ije baadaye, ya pesa iliyopo mkononi.

Siku ya kuseti msingi, aliyechora ndiye ashike kamba. Pima meta 3 upande mmoja, meta 4 upande wa pili. Mshazari, yaani umbali kati ya ncha hizo mbili, ukitoka 5 kamili, kona imekaa sawa. Ukitoka 5.03, sogeza kigingi, usitegemee plasta ije kuficha. Hapo ndipo mwanafunzi anapouelewa mstari aliouchora, kwa hiyo huwa siwaharakishi hata kidogo.

Mchanga utieni kwenye chupa ya maji, mtikise, muuache utulie. Tabaka la tope juu likiwa nene, rudisheni lori.

Fundi mkuu asikilizwe. Zege la lenta, boriti ya juu ya milango na madirisha, ni 1:2:4: saruji, mchanga, kokoto. Kagueni nondo kabla ya kumwaga, kisha mwagilieni maji siku 7 mfululizo.