Somo: Kununua vifaa vya amplifaya ya hedifoni Kariakoo bila kupigwa

Wakuu, somo hili nimewaahidi muda mrefu. Sakiti tunayojenga ni ile ya CMoy, iliyotoka kwa Chu Moy wa Marekani: ndogo ya kuingia kwenye kopo la pipi, na inakula betri moja ya volti 9. Mchoro wake umejaa mtandaoni, siurudii. Hapa Dar kinachotutoa jasho ni vifaa.

Nenda dukani na mita ya kupimia umeme (multimita) mfukoni. Kama huna mita, pesa ya kwanza iende huko.

Hatua ya 1: rizista. Chagua zenye mistari mitano, za asilimia 1, mara nyingi za bluu. Zile za rangi ya udongo zenye mistari minne ni za asilimia 5. Nunua kumi kumi, kisha nyumbani pima moja moja na uzipange jozi. Zile za 1k na 10k (k ni omu elfu moja) ndizo zinazopanga sauti ikuzwe mara 11. Kushoto na kulia zisipolingana, mwimbaji atahamia sikio moja.

Hatua ya 2: volyumu. Unataka 10k ya stereo, yenye miguu sita, iliyoandikwa A10K. Muuzaji atakupa B10K akisema "zote sawa tu, kaka." Si sawa. Zungusha hadi katikati, upime mguu wa kati na ule wa ardhi (nukta ya sifuri ya sakiti): B itasoma karibu 5k, A itasoma 1k na ushei. Ukifunga B, sauti yote inajaa robo ya kwanza ya mzunguko, kinachobaki ni pambo.

Hatua ya 3: kapasita. Elektroliti mbili za mikrofaradi 220, volti 25, mpya. Usinyofoe kwenye redio ya babu, maji yake yalishakauka. Za filamu za mikrofaradi 0.1 hata za kunyofoa zinafaa.

Hatua ya 4: IC, ile chipu ya miguu minane inayokuza sauti. Hapa ndipo nilipopigwa. Inayosifiwa ni OPA2134. Niliipata duka moja ambalo sitalitaja, maandishi meupe yanang'aa, nikalipa bila hata kuomba punguzo. Nyumbani, kabla ya kuchomeka hedifoni, nikapima volti za DC (za moja kwa moja, kama za betri) kwenye jeki ya kutokea: milivolti 190, wakati ilipaswa kuwa karibu na sifuri. Nikabadilisha rizista, nikarudia lehemu yote, saa nane za usiku bado 190.

Kumbe IC ilikuwa inajitaja yenyewe. OPA2134 halisi ina FET (aina ya transista) kwenye mlango wa kuingilia, inavuta pikoampia chache tu. IC nyingine kama 4558 au NE5532 zina transista za kawaida, zinavuta nanoampia 150 hadi 200. Mkondo huo ukipita kwenye rizista ya 100k iliyo mlangoni unazaa milivolti 15 hadi 20. Zidisha mara 11 uone 190 yangu ilikotoka. Nikachukua pamba na asetoni ya kutolea rangi ya kucha, nikafuta mgongo wa IC: "OPA2134" yote ikabaki kwenye pamba.

Kwa hiyo usilehemu IC moja kwa moja. Lehemu soketi ya miguu minane, chomeka IC, pima ukiwa hujachomeka hedifoni. Halisi haizidi milivolti 22 kwa sakiti hii. Ya kujaribia weka TL072: nayo ni ya FET na bei yake ndogo, ila haina nguvu ya kusukuma hedifoni za omu 32. OPA2134 yenyewe tuagize watu watano sita kwa pamoja kwa wasambazaji rasmi kama Mouser au DigiKey, maana kwa mtu mmoja nauli inaizidi IC.

Jeki, swichi na waya, chukua popote.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Mbagala: Mkuu, nikitumia chaji ya simu badala ya betri?
Jibu: Hapana. Volti 5 ndiyo chini kabisa ya OPA2134, haina pa kupumulia. Halafu ardhi ya sakiti hii iko katikati ya betri. Simu inayopiga muziki ikichajiwa kwenye chaji hiyohiyo, ardhi yako inagusana na hasi, nusu ya sakiti inakuwa shoti.

Mdau wa Kigamboni: Kasha unatumia nini?
Jibu: Kopo la Africafe. Bandika tepu ndani kote, bodi isiguse bati.

Mdau wa Tegeta: Fundi, yangu inasoma 200 lakini inaimba vizuri, ila nikipandisha volyumu inakwaruza. Niiache tu?
Jibu: Milivolti 200 kwa omu 32 ni miliampia 6 kila upande. Zile rizista mbili za 4.7k zinazogawa betri haziwezi kubeba mzigo huo, katikati inasogea. Chomeka hedifoni, kisha pima kutoka ardhi hadi chanya, na kutoka ardhi hadi hasi.

Mdau wa Tegeta: Chanya 6.8, hasi 2.1.
Jibu: Na betri ni moja. Ilipaswa kuwa 4.5 kwa 4.5. Chomoa IC hiyo, na kesho pitia duka la dawa za kucha.