Kabla Hujawasha Jiko la Gesi: Mambo ya Kuzingatia

Fungua dirisha kwanza. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja haipandi darini. Hutambaa sakafuni na kutuama pembeni. Maungio ya mpira na regulata yapake povu la sabuni, na mapovu yakifura, funga koki. Usijaribu kwa kiberiti, hata kama fundi wako hufanya hivyo.

Mtungi mpya upimwe dukani mbele yako. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa ubavuni au kwenye shingo; utoe, kinachobaki ndicho ulicholipia.

Halafu hili, na nakuomba ulisome taratibu: mtungi usimame wima, mwanzo hadi mwisho wa matumizi. Ukiubeba ukiwa umejaa utasikia kitu kinacheza ndani. Hicho ni kimiminika, mchanganyiko wa propani na butani. Katika hewa ya kawaida propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, na butani karibu na sifuri. Hubaki kimiminika kwa sababu tu mtungi umezibana. Ukifungua koki, mgandamizo hupungua, kimiminika huchemka, na mvuke uliokaa juu ndio unaokwenda kwenye jiko. Kuchemka huko kunahitaji joto, nalo hutolewa kwenye chuma cha mtungi. Ndiyo maana ukipika muda mrefu mtungi hupoa hadi ukatoa jasho.

Sasa fikiria Njombe, asubuhi ya Julai. Chumba ni baridi, propani imetangulia kuisha, iliyobaki zaidi ni butani ambayo kwenye baridi huchemka kwa uvivu. Moto ukafifia, uji wa mtoto bado mbichi. Dada tuliyepanga naye nyumba moja akafanya wanachofanya wengi: akaulaza mtungi chini ya meza ili "gesi ya mwisho itoke", jiko likiwa linawaka. Kilichotoka ni kimiminika chenyewe. Lita moja yake hugeuka takriban lita 250 za gesi, na zote ziligeukia pale pale kwenye moto. Ndimi zikafika kwenye pazia. Baba mwenye nyumba aliwahi koki, mtoto alikuwa uani, lakini mkono wa dada yule na upande wa uso viliungua vibaya. Miezi ilipita kabla hajaweza kufunga kanga mwenyewe. Alikuwa mwangalifu kuliko sisi sote. Hakuna aliyewahi kumwambia kilichomo ndani ya mtungi.

Kwa hiyo moto ukififia, zima, funga koki, acha mtungi upate joto la chumba, au chukua mwingine. Usiulaze, usiupindue, usiutie kwenye beseni la maji ya moto, usiusogeze kwenye jiko la mkaa. Kimiminika kikipata joto hutanuka. Wajazaji huishia kama asilimia 80 ili kiwe na nafasi, na nafasi hiyo si ya kuchezea.

Mengine unayajua. Watoto wasicheze na koki. Usiku ifunge ya mtungini, si ya jiko pekee. Ukisikia harufu usiguse swichi, usipige simu humo ndani, toka na watu wote. Mpira uliopasuka ubadilishe leo, usiufunge kwa gundi.