Namna ya Kutambua Ekseli ya Nyuma ya Pikapu ya Zamani na Nguvu Yake

Anayenunua pikapu ya zamani kwa kazi ya kubeba mchanga, magunia ya mahindi au matangi ya maji huanza kwa kusikiliza injini, na mara nyingi hufika nyumbani kabla hajainama hata mara moja kutazama ekseli ya nyuma, yaani mhimili unaoshika magurudumu ya nyuma, ilhali ekseli hiyo ndiyo itakayobeba mzigo wote. Nembo ya mlangoni haitoshi, kwa sababu gari lililotembea miaka thelathini huenda limekwishabadilishiwa ekseli kwa spea za kutoka gari jingine. Kwa hiyo ekseli yenyewe ndiyo isomwe.

Anza katikati ya rimu ya nyuma, bila kufungua chochote. Ukiona habu, yaani kitovu cha gurudumu, imechomoza nje ya rimu, na mwishoni mwake kuna kisahani kilichofungwa kwa nati au bolti zilizopangwa kwa duara, hiyo ni ekseli inayoelea kikamilifu. Uzito wa gari na mzigo unakaa juu ya beringi zilizo kwenye bomba la ekseli, na hafu shafti, yaani fimbo ya chuma iliyo ndani ya bomba hilo, ina kazi moja tu ya kuzungusha gurudumu. Fundi anaweza kufungua nati hizo na kuichomoa shafti huku gurudumu likiwa chini limebeba gari. Ikivunjika njiani, gurudumu linabaki mahali pake.

Katikati ya rimu ikiwa bapa, bila habu inayochomoza, basi ni ekseli inayoelea nusu. Hapa shafti huzungusha gurudumu na wakati huohuo hubeba uzito, hivyo ikikatika karibu na beringi, au kishikizo cha beringi kikilegea, gurudumu linaweza kutoka pamoja na shafti yake. Hii haimaanishi kwamba ni ekseli mbovu. Toyota Hilux nyingi zinayo na zimefanya kazi ngumu kwa miaka mingi. Lakini mwenye kuzidisha mzigo kila siku ajue mzigo huo unaning'inia wapi.

Tofauti hii inaonekana wazi kwa magari tunayoyajua. Hilux za zamani zenye kuendesha magurudumu manne kwa kawaida zina kraunwili (gia kubwa ya ndani ya difu, yaani sanduku la gia lililo katikati ya ekseli) yenye kipenyo cha inchi 8, na shafti zake huelea nusu. Land Cruiser pikapu za aina ya HZJ75 na HZJ79 zina kraunwili ya inchi 9.5 na ekseli inayoelea kikamilifu. HZJ75 hufungwa rimu kwa nati sita na HZJ79 kwa nati tano, jambo linalosaidia kugundua haraka ekseli iliyohamishwa. Kwenye bamba la utambulisho la Toyota tafuta mstari wa gia na ekseli: msimbo wa ekseli unaoanza na herufi G unaonyesha kraunwili ya inchi 8. Bamba likisema hivyo na habu ikaonyesha vingine, amini chuma kilicho mbele yako, kisha umuulize muuzaji.

Kwa Land Rover usitegemee habu, kwa kuwa modeli za 109 na 110 zote zina shafti zinazoelea kikamilifu. Tazama bakuli la difu. Ekseli ya Rover ina mgongo laini wa mviringo usiofunguka, na difu yake hutolewa kwa mbele. Ekseli ya Salisbury, inayopatikana kwenye 109 nyingi za mwisho na 110 za kabla ya miaka ya 2000, ni nene zaidi, na nyuma ina kifuniko kilichozungukwa na bolti. Kwa mzigo mzito ningechagua Salisbury bila kusita, ingawa ni nzito na ukarabati wa difu yake unahitaji fundi mwenye vipimo sahihi.

Uwiano wa difu, yaani idadi ya mizunguko ya propela kwa kila mzunguko mmoja wa magurudumu, nao hupimwa bila kufungua kitu, iwapo difu si ya kufunga, yaani ya kulazimisha magurudumu yote mawili yazunguke pamoja. Weka gari kwenye uwanja ulio sawa, zuia magurudumu ya mbele, inua nyuma yote kwa jeki kisha ulikalishe juu ya stendi imara, kwani jeki peke yake haifai kulalia chini yake. Toa gia na uachie breki ya mkono. Shikilia gurudumu moja lisizunguke, lizungushe la pili mizunguko miwili kamili, na mwenzako ahesabu mizunguko ya propela, ile shafti ndefu inayotoka kwenye gia boksi hadi kwenye difu. Ikizunguka mara nne na kidogo, huenda ni 4.10, ikikaribia tano, huenda ni 4.88. Uwiano mkubwa husaidia kuvuta mzigo mlimani lakini huifanya injini izunguke sana kwenye lami.

Gari likiwa bado juu ya stendi, shika gurudumu juu na chini ulitikise. Mchezo unaosikika ni beringi. Kagua oili iliyovuja kuelekea kwenye breki, na alama za kuchomelea kwenye bomba la ekseli, ambazo mara nyingi ni ushahidi wa ekseli iliyowahi kupinda. Mwisho fungua bolti ya kumwagia oili ya difu. Unga laini wa chuma ni uchakavu wa kawaida, lakini vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole ni meno yaliyovunjika, na bei ya gari ipangwe upya papo hapo.